Video ya Arobaini na Tatu

Pale kijiweni kwetu, redio ya Fundi Viti ilisema vijana siku hizi wanameza habari nyingi mpaka akili zinachoka kabla hazijaamua lolote. Fundi Viti akapunguza sauti. Sote tukamgeukia Maktaba.

Kijana huyu tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna asichokijua, kuanzia figo za ngamia hadi bei ya mafuta. Mchumba wake, binti wa kaka yake Mama Kahawa anayetuuzia kahawa hapa, alikuwa amepata kazi ya uuguzi mji mwingine. Alimwambia Maktaba, ukisema nibaki, nabaki. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Sasa ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu, na basi la mchumba lilikuwa linaondoka saa kumi.

"Nimetazama video arobaini na mbili," Maktaba alisema, macho mekundu. "Mtaalamu mmoja anasema penzi la mbali linakufa. Mwingine anasema ndilo linalodumu. Wa tatu ana chati."

"Chati inasemaje?" nilimuuliza.

"Inategemea."

Fundi Viti akampongeza kwa utafiti. Alisema yeye, maskini, alioa bila hata chati moja, na mpaka leo anaishi na mke yuleyule kwa kubahatisha tu.

Mama Kahawa hakucheka. Aliweka birika chini.

"Mwanangu, wewe mwenyewe unataka aende au abaki?"

Mkono wa Maktaba ukaenda wenyewe kwenye simu. Iliniuma, kwa sababu kijana anampenda yule binti, kijiwe kizima kinajua. Ni yeye tu aliyekuwa bado anatafuta uthibitisho. Akachomeka visikilizio masikioni, akainua kidole tumngoje.

Tulimngoja. Saa kumi ikafika, ikapita. Simu ya Mama Kahawa ikaita. Alisikiliza, akajibu, "Nenda salama, mwanangu," kisha akamvua Maktaba kisikilizio kimoja.

"Amekupigia mara sita. Alikuwa mlangoni mwa basi, anangoja useme neno."

Maktaba akaitazama simu yake.

"Nilizuia simu zisiingie," alisema polepole, "nisikatizwe."

"Ulikuwa unatazama nini?" Fundi Viti aliuliza.

Maktaba akatugeuzia kioo cha simu. Video ilikuwa imebakiza dakika mbili. Kichwa chake: "Jinsi ya Kumsikiliza Mwenzako."