Birika, Ukungu na Sura ya Yai

Birika la kahawa limeibwa! Habari ilifika kijiweni kabla watu hawajakaa vizuri, na kinyozi akatoa picha ya kamera ya mlangoni kwake: mtu kalikumbatia birika, anaondoka. Balaa ni kwamba picha yenyewe ilijaa ukungu, mtu kawa kama uji uliomwagika ukutani.

"Huyo Kobe!" akahukumu Wakili, ambaye mahakama aliijua kwa kupita nje, na kizibao chake cha miraba hakivui, jua liwake mvua inyeshe. "Oneni bega lilivyoinama. Nani mwingine huinamia viatu kutwa? Afukuzwe hapa!"

Kobe, fundi viatu, sindano ikamkwamia kwenye soli. Wateja wake wote huja hapo hapo kijiweni. Akifukuzwa, watoto watakula nini?

"Mama, mimi nikuibie wewe?" akamuuliza muuza kahawa.

"Sijasema, mwanangu."

"Lakini hujakataa." Na hilo ndilo lililomuuma.

Mpiga picha, waliyemwita Fleshi, akafungua kompyuta yake juu ya benchi. "Ukungu huu naweza kuurudisha nyuma."

"Urudishe hata sasa!" Kobe akadakia.

"Ya nini?" Wakili akabeua midomo. "Lisemwalo lipo!"

"Subiri, mzee. Sura elfu zikitiwa ukungu zote zinatoa uji huu huu. Kwa hiyo kompyuta inazichapa viboko. Sura isiyofanana na picha, viboko. Sura yenye vurugu na madoadoa, viboko. Iliyochapwa kidogo kuliko zote ndiyo tunayoichukua."

"Na viboko vipi vizidi?" akauliza Mama.

"Hapo ndipo kazi ilipo. Kuna kitufe cha kusogeza huku na huku. Tuanze kwa kuiamini picha tu, madoadoa tusiyaadhibu."

Akakisogeza mpaka mwisho wa kwanza. Pakatokea mtu wa mchanga mtupu, chembechembe uso mzima.

"Mnaona ndevu hizo?" Wakili akaruka. "Za Kobe!"

"Mzee, hilo ni vumbi la kamera. Tukiiamini picha kupita kiasi, tunaamini na uchafu wake." Fleshi akasukuma kitufe mpaka mwisho wa pili. Mchanga wote ukafutika, akabaki mtu laini kama yai, hana pua wala nguo.

"Upara wa Kobe!"

"Lo! Dakika hii nina ndevu, dakika hii nina upara?" Kobe akafoka. "Wewe ushaninyonga, unatafuta kamba tu! Fleshi, weka katikati."

Fleshi akarudisha kitufe polepole. Yai likaota pua. Likaota shingo. Kisha kifuani ikajichora miraba, mmoja baada ya mwingine, mikubwa, myeusi kwa myeupe.

Kijiwe kizima kikageuka kumtazama Wakili. Naye kajikumbatia kifua kwa mikono miwili kama mwenye homa, na jua liko utosini.

Kobe akacheka mpaka sindano ikamdondoka. Alicheka kwa furaha, na kwa hasira pia.

"Nisamehe, mwanangu," Mama akamwambia, kisha akasimama. "Wakili, tangulia. Tunakwenda kwako kunywa kahawa."

Wakili akamsogelea Fleshi, sauti imemshuka. "Mdogo wangu, hebu irudishe ile ya yai. Ile ndiyo ilikuwa na haki."