Njoo Umpunguze Samaki Huyu

Kwako Fundi wa Matangi ya Samaki,

Yahusu: Kutukanwa kwa tangi langu na kabati langu

Huna adabu. Naanza na hilo tusipotezeane muda. Jana uliingia nyumbani kwangu, na wa kwanza kumsalimia ni samaki. "Pole, mzee," ulimwambia, umeinama mpaka pua imegusa kioo. Mimi nimesimama pale na kikombe cha chai nilichokuandalia wewe. Ndipo ukanigeukia na kuniambia kwamba kiumbe huyu anaishi ndani ya ndoo.

Shule niliishia darasa la nne, tena hilo la nne sikulimaliza, lakini kulalamika sikufundishwa na mtu. Kaa chini usome. Mwandiko ukikushinda, mpe mkeo akusomee.

Tukumbushane kwanza. Samaki ni wa mjukuu wangu, yule muuguzi, aliyehamishiwa kazi mbali akaniachia huyu wa bluu mwenye mkia wa njano, wakati huo akiweza kujificha nyuma ya kijiko. Alinishika mikono miwili: "Bibi, nitunzie. Likizo nakuja kumwona, nimkute mzima." Nikampa jina Mkaguzi. Likizo ni mwisho wa mwezi huu, nawe umesema kwa tangi hili hafiki. Ndiyo sababu ya hasira hizi zote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangi si ndoo. Lina vioo, lina taa, na lina pampu inayokoroma kama marehemu mume wangu. Limekaa juu ya meza ndogo pembeni ya kabati langu la vyombo na halijamzuia mtu kupita.

2. Muuzaji alituambia samaki hukua kwa kadiri ya chombo chake, akifika kipimo anasimama. Nikapenda. Kiumbe anayejua kusimama! Ningeumbwa hivyo mimi, gauni nililovaa kwenye harusi ya mwanangu lingenitosha hata leo. Wewe ukasema huo ni uongo wa dukani: samaki hasimami, anadumaa. Mgongo unapinda, mapezi yanachakaa, maradhi yanaingia, anakufa kabla ya siku zake. Ukanionyesha vishimo vyeupe pembeni mwa kichwa chake. Fundi, hebu niangalie mimi uso. Vishimo ninavyo tangu usichana, na niliolewa navyo.

3. Nimelea watoto sita katika chumba kimoja na hakuna aliyedumaa. Wa mwisho huinama kila mlango. Ukanijibu kwamba watoto wangu walikuwa wakitoka nje kucheza na choo kilikuwa nyuma ya nyumba, ila Mkaguzi anakula, analala na kujisaidia katika maji yale yale machache. Nikampelekea hoja yangu jirani yangu mshonaji, akacheka mpaka akajichoma sindano. "Bibi wewe! Mara chombo kidogo kinamzuia kukua, mara hakimzuii mtu. Unatetea kipi?" Nimemnunia. Usidhani umeshinda kwa sababu ya mshonaji.

4. Mkaguzi huenda na kurudi, huenda na kurudi, kutwa. Mimi nilijua ni bidii ya kazi. Nimemsifia kwa kila aliyekaa sebuleni: mwoneni, hata siku ya mapumziko anakagua. Wewe ukasema huyo ni mfungwa anatafuta mlango, maana wenzake baharini huogelea mwendo mrefu bila kukutana na ukuta. Neno hilo limeniharibia chai. Tangu jana nikipita mbele yake naangalia chini.

5. Umeugusa mkono wangu wa chumvi. Hili sikusamehe. Ulichovya kipimo chako ukasema maji yamezidi chumvi, na kwamba tangi dogo likipungukiwa maji kidogo tu chumvi inapanda mbio, kubwa lingevumilia. Ukaniuliza maji yakipungua naongeza nini. Nikakujibu kwa fahari: maji ya chumvi, kila asubuhi, kwa ile chumvi ya samaki aliyoniachia mjukuu, kwa kuwa Mkaguzi ana kiu. Ukashika kichwa. Ukasema niongeze maji matupu. Maji matupu, kwa samaki wa baharini! Mimi nimepika harusi na misiba, kwa masufuria ambayo ng'ombe mzima angeogea, na hajazaliwa mtu wa kunirudishia sahani kwa sababu ya chumvi.

6. Umesema tangi linalomfaa lina urefu wa kitanda, na mahali pake ni pale lilipo kabati. Kabati! Lenye sahani za maua ambazo hajazilia mtu, kwa kuwa ni za wageni wa heshima. Ukauliza wageni hao wanakuja lini. Hilo si swali la kumuuliza mtu mzima. Ni kweli hawajafika bado. Mwanangu mkubwa alizikuta sahani hizo akitambaa, sasa ana mvi.

Kwa hiyo naomba, tena kwa heshima, uje umpunguze samaki. Nguo ikizidi, fundi cherehani hamwambii mtu akanunue mwili mwingine, anaipunguza. Nawe ni fundi. Mrudishe Mkaguzi kwenye ukubwa wa kijiko, mkunje popote panapokunjika. Ukishindwa, andika hati kwamba hatakua tena, utie sahihi, nami nitaibandika kwenye kioo upande wake aisome.

Na kama kweli kila kiumbe apewe nafasi kwa kadiri alivyokua, basi anza na mimi. Chumbani kwangu nikitaka kugeuka natoka kwanza, halafu naingia upya. Mwandikie mwanangu avunje ukuta. Samaki apange foleni, mimi nilianza kunenepa kabla yake.

Msalimie mkeo, mwambie namhurumia. Msalimie mama yako, mwambie kazi ya kukufunza adabu haijaisha. Wasalimie na samaki wote wa dukani, kwa kuwa najua ndio unaowasikiliza.

Ni mimi,
Bibi wa Mkaguzi

Nyongeza: Nilipokuwa nakuandikia nilikuwa nimebandika maharagwe katika sufuria dogo, chumvi nimeshatia, sawasawa. Hasira zikanikalisha. Nilipokwenda kuonja, ulimi ulikunjamana. Sikuwa nimeongeza hata chembe. Maji yameondoka na mvuke, chumvi imebaki imekaa. Masufuria yangu ya misiba ningeyaacha motoni nigombane na ukoo mzima, yasibadilike. Hili dogo halikungoja hata nimalize barua. Na mkono wangu huu wa sifa ukafanya nini? Ukachukua birika ukamimina maji matupu, bila kuuliza mtu. Nikageuka, Mkaguzi ananitazama. Kumbe kila asubuhi nimekuwa nikitia chumvi kwenye chungu kinachokauka, naye yumo ndani.

Futa namba tano. Futa zote. Sahani nimezishusha, na mshonaji na mimi tumekula maharagwe humo. Amesema chumvi imezidi kidogo, nimemsogezea birika. Kabati litahamia chumbani kwangu tubanane, sisi tumeshamaliza kukua. Njoo kesho asubuhi na hilo tangi refu, na watu wa kubeba, mguu mmoja wa kabati umelegea. Nipe leo hii jibu la maji matupu nimwongezee kiasi gani kwa mara moja, nisije nikamshtua. Na ukiingia, msalimie yeye kwanza.