Bendera Nyekundu kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Mama mkwe yuko chumbani kwetu, kitandani kwangu. Mimi niko kwenye kochi. Kochi ni fupi, mimi ni mrefu, miguu inalala juu ya stuli ya jikoni. Daktari amemwandikia maji ya bahari kwa ajili ya magoti: aoge mara kumi na nne, kila siku mara moja. Leo ilikuwa ya tano. Nimepiga hesabu nikanyong'onyea. Kisha nikakumbuka kazi yangu. Nani anapima maji ya ufukwe wa umma? Mimi! Maji yakiwa machafu, inapanda bendera nyekundu, haogi mtu. Na asiyeoga hufunga mizigo akaenda kwake.

Jumanne, 5 Agosti
Kanuni inasema niingie hadi kiunoni, nizamishe chupa mdomo ukiwa chini, kisha niigeuzie mawimbi yanakotoka. Aliyeiandika alikuwa na suruali nyingi. Nimekwenda nyuma ya vyoo vya ufukweni, nikajaza chupa kwenye mtaro. Kwenye lebo nikaandika: kiunoni, saa moja asubuhi. Fundi wa maabara, tunayemwita Darubini kwa anavyochungulia mambo ya watu, akauliza mbona suruali yangu kavu. Nikamwambia jua lilikuwa kali. Akatazama dirishani. Mawingu matupu.

Jumatano, 6 Agosti
Ushindi! Vijidudu vimejaa kwenye kisahani hadi Darubini ameita ofisi nzima ije kuangalia. Kabla ya saa tatu bendera ilikuwa juu. Nimerudi nyumbani na uso wa msiba nilioufanyia mazoezi njiani. Nikampa mama pole. Nikamtajia basi la mchana, tena kiti cha dirishani. Akasema ahsante mwanangu, lakini dozi haikatizwi. Siku za bendera hazihesabiwi. Zimebaki nane, atazisubiri hapa hapa. Mke wangu akamwongezea mto. Ulikuwa wangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Kumbe ufukwe ukifungwa, maji yanapimwa kila siku alfajiri, vituo vitano badala ya kimoja, mpaka yatoke safi mara mbili mfululizo. Mpimaji ni mimi. Bosi akataka na shahidi. Darubini alijitolea kabla bosi hajamaliza kusema. Mama naye akaja, ajue dawa yake itafunguliwa lini. Mimi majini, meno yanagongana. Wao mchangani na chupa ya chai. Kila nikisimama mama ananiambia niingie kidogo tena, hapo bado mapajani.

Ijumaa, 8 Agosti
Safi mara moja. Suruali ya jana haijakauka, ya leo imelowa, nimekwenda kazini na ya suti ya harusi. Darubini, kwa kukosa la kufanya, amepima chumvi kwenye chupa ya Jumanne. Hamna. Bosi akaniita, akauliza siku ile bahari ilipeleka wapi chumvi yake. Nikasema mvua. Akasema mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa tano. Nimepewa barua ya onyo. Ya pili, kasema, itakuwa ya kuagana. Niliogopa kweli.

Jumamosi, 9 Agosti
Safi mara ya pili. Bendera ya kijani. Mama anasema kunifuata ufukweni kumemsaidia magoti kuliko hata kuoga, kwa hiyo atafanya vyote viwili. Amempigia simu dada yake mwenye nyonga mbovu. Anafika kesho, kochi ni lake. Mimi nimeonyeshwa nafasi kati ya friji na mlango.

Jumapili, 10 Agosti
Nimelala sakafuni, nikayatafakari maisha yangu. Barua ya onyo nitatembea nayo mfukoni iwe inanikumbusha. Mtu mzima lazima alitambue kosa lake na asilirudie. Langu nimelitambua. Nimemuuliza mke wangu chumvi inakaa wapi, nikajifungia jikoni na chupa ya maji ya bomba, nikachanganya, nikaonja mpaka nikapatia. Nusu lita, vijiko viwili.