Muwasho wa Mshenga

Jumatatu, 14 Julai

Kipupwe kimeingia na ngozi yangu imeamua kunitesa. Mgongo, viwiko, miundi, kote kunawasha. Umri wa miaka sitini na tisa nilitegemea presha au magoti, kama wenzangu. Mimi nimepewa kujikuna!

Na wiki yenyewe ndiyo hii. Jumamosi naenda Kisarawe kumposea Wilfred. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe hapa Mkuza tangu yuko darasa la pili. Hatimaye kapata binti, Stellamaris, mtoto wa watu wa maana. Mshenga ni mimi. Nani mwingine?

Mke wangu Elinipa ana jibu. Kaniambia asubuhi, bila kuzunguka, kwamba nisipoacha kujikuna atakwenda kaka yake, Abednego. Anasema wakweze Wilfred wakimwona mshenga anajikuna watasema ukoo wetu una maradhi, na binti hatatoka. Ana haki. Hata sisi tulituma mtu akaulize kama kwao kuna kifafa.

Lakini Abednego! Mwalimu mstaafu wa Mlandizi. Hawezi kuomba chumvi bila kukohoa kwanza na kusema "ndugu zangu wapendwa". Akienda yeye, hadi harusi, hadi ubatizo wa mtoto, tutasimuliwa alivyoposa. Haiwezekani.

Nimechukua hatua. Maji ya moto kabisa yenye mwarobaini, sabuni ya kufulia, dodoki jipya. Nimejisugua kama sufuria la ubwabwa ulioungua. Raha iliyoje! Kisha nikajifuta, na moto ukawaka mwili mzima. Nimemalizia mgongo kwa gunzi la mahindi.

Jumanne, 15 Julai

Kituo cha afya. Daktari anaitwa Faudhia, binti mdogo, mwenye adabu. Kanipa shikamoo, kanikagua mpaka katikati ya vidole, kisha kaniuliza naogaje. Nikamweleza kwa fahari. Alishika kichwa.

Kasema si upele, na hauambukizi. Ngozi ya mtu mzima hukauka, na msimu huu ndiyo inazidi. Niache maji ya moto. Niache sabuni ya kufulia. Dodoki nilitupe. Nioge maji ya kawaida, na kabla mwili haujakauka vizuri nijipake mafuta ya mgando. Nikate kucha. Nisipopata nafuu nirudi.

Mafuta ya mgando! Nimekalia benchi asubuhi nzima kuja kuambiwa nipakwe kama kichanga. Sindano hakuna. Hata kidonge cha rangi mbili hakuna. Nilimwuliza kwa upole kama kuna daktari mwingine, mkubwa kidogo. Akasema mkubwa ni yeye.

Kurudi nyumbani, namkuta Abednego barazani kwangu, kwenye kiti changu, anafanya mazoezi ya kukohoa. Eti amepita tu kusalimia. Na suti kapita nayo, kwenye mfuko wa dobi.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda Mlandizi kimyakimya, kwa bodaboda. Karibu na stendi kuna kijana anaitwa Seifu, ana meza ya vipodozi. Nilimwonyesha kiwiko. Akasema pole mzee wangu, akainama chini ya meza, akatoka na kopo jeupe lisilo na nembo wala maandishi. Nikauliza ni dawa gani. Akajibu kwamba hii, mzee, ni kiboko. Nimeridhika. Huyu anajua kuzungumza na mgonjwa.

Nimejipaka nyuma ya choo, Elinipa asione. Mungu wangu! Muwasho ukanyamaza hapo hapo. Nimelala mchana mpaka kuku wakaingia ndani na kunyea zulia.

Jumanne nilimwambia daktari kwamba tatizo langu ni kubwa. Hakunisikia.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeongeza dozi. Mikono, shingo, na uso pia. Uso hauniwashi, lakini mtu mwenye akili anajikinga mapema.

Elinipa kasema nanuka kama saluni. Nikamwambia ni hewa ya kipupwe.

Jioni wamenifanyia mtihani sebuleni. Abednego alijifanya baba wa binti, Elinipa akawa shangazi. Waliniuliza maswali yote: ukoo, kazi ya kijana, dini, kunywa pombe. Nilikaa wima na mikono juu ya magoti, sikujikuna hata mara moja. Elinipa alifurahi mpaka akanipa paja la kuku. Abednego alisema mtihani wenyewe ulikuwa rahisi, kisha akaaga kabla ya chai. Furaha niliyonayo leo siwezi kuificha.

Ijumaa, 18 Julai

Balaa!

Nimetazama kioo. Mashavu mekundu, yanabambuka. Paji la uso jeupe kwa mabaka. Masikio yamebaki yangu. Mikono imetakata, isipokuwa sugu za vidole, nyeusi tii, zimejipanga.

Nilikwenda dukani kwa Jenifa kununua kiberiti. Jenifa akanitazama vidole, akanitazama uso, akaniuliza mbele ya kina mama wote kama siku hizi na sisi wazee tunajichubua. Walicheka mpaka mmoja akaweka chini ndoo ya maji. Ndipo nikaelewa. Lile kopo lilikuwa mkorogo! Mimi, mstaafu wa serikali, nimejipaka mkorogo!

Elinipa naye alicheka, akashika ukuta, akaendelea kucheka. Kisha akakaa kitandani na kuanza kulia, kwa ajili ya Wilfred. Hilo lilinichoma kuliko kicheko cha dukani.

Wilfred kapiga simu kutoka Dar. Kasema, Baba, nakutegemea. Nikamwambia kila kitu kiko sawa.

Abednego akapewa nafasi yangu? Hapana. Nimekwishatunga maelezo. Nilifunua sufuria la makande, mvuke ukanipiga usoni. Sisi Wapare na makande, nani atabisha?

Jumamosi, 19 Julai

Kisarawe. Nimevaa koti la mikono mirefu na kofia. Abednego kaja kama msindikizaji, na ile suti.

Tulipokelewa vizuri. Makochi mazuri, vitambaa vyeupe, soda. Baba wa binti anaitwa Mzee Fabian, mpole, mkimya. Pembeni yake dada yake, Asteria, shangazi mtu. Huyo si mpole. Sijamaliza salamu, macho yake yako kwenye vidole vyangu.

Akauliza nimepatwa na nini. Nikatoa makande yangu. Akauliza mvuke gani unaoruka masikio. Nikasema nilikuwa nimevaa kofia. Akauliza kama na vidole nilivivalisha kofia.

Kisha akasema wazi, mbele ya wote, kwamba wao hawatoi mtoto kwenye nyumba ambayo hata wazee wanajichubua. Leo babu, kesho mjukuu anaogeshwa mkorogo. Akaanza kukusanya glasi za soda. Yangu ilikuwa bado nusu.

Abednego akakohoa. Akafunga kifungo cha koti. Akasema, ndugu zangu wapendwa.

Na hapo hapo muwasho ukarudi. Wote, kwa pamoja, mgongoni! Nikajisugua kwenye kochi taratibu. Kochi likalia. Wote wakanigeukia.

Niliogopa kweli. Si kwa ajili yangu. Wilfred aliletwa kwangu na mfuko mmoja wa nguo, akawa anaomba ruhusa hata ya kunywa maji. Sijawahi kumpa kitu kikubwa maishani. Hiki ndicho nilitaka kumpa, na nilikuwa nakiharibu kwa uongo wa makande.

Nikasimama, nikavua koti. Nikavua na shati. Nikawaambia ukweli wote: nawashwa, si ugonjwa wa ukoo, hauambukizi, daktari kasema. Nilificha ili wasiogope, nikanunua kopo nisilolijua. Kijana wetu hana kosa. Kama ni kukataa, wanikatae mimi, waje wamsikilize mshenga mwingine, hata huyu Abednego. Kulisema hilo la mwisho kuliniuma zaidi.

Mzee Fabian akainuka, akanizunguka. Nikajua natolewa nje. Akaukagua mgongo wangu, kisha akapiga kelele: ngozi yangu hii hii! Akakaa chini, akapandisha suruali. Miundi yake ina michirizi mitupu ya kucha. Shangazi akafunika macho kwa kitenge.

Kumbe toka baridi ianze hakuna mtu anayemwelewa nyumbani kwake. Anajikuna kwa rula ya mjukuu. Tuliongea muwasho mpaka pilau ikapoa. Alimwambia dada yake kwamba mshenga aliyevua shati ukweni hana anachoficha. Posa imepokelewa! Abednego hakupita "wapendwa".

Jumapili, 20 Julai

Jana niliporudi nilimwambia Elinipa yote, hata aliyoniagiza daktari. Alinipeleka bafuni, maji ya kawaida, kisha akanipaka yale mafuta ya mgando ya daktari kuanzia kisogo hadi unyayo, mwili ukiwa bado na unyevu. Leo nimeamka na kengele ya kanisa. Sijajikuna hata kidogo. Ngozi imetulia kabisa.

Elinipa anasema ni mafuta. Mimi najua ni hewa ya Kisarawe.

Hewa haibebeki, kwa hiyo nimetafuta cha kudumu. Baada ya ibada nimezungumza na mfugaji mmoja wa Dutumi, mtu wa kaskazini kama sisi. Anasema ng'ombe wake walikuwa wanajisugua kwenye miti usiku na mchana. Siku hizi hawasugui kitu. Siri ni dawa ya josho. Inaua kupe, inatuliza ngozi, na ng'ombe wanang'aa.

Nimempigia Mzee Fabian. Kafurahi sana, kauliza tu kama inanuka. Jumatano tunakutana Dutumi, kila mtu na dumu lake. Elinipa nimemwambia tunakwenda kuangalia ng'ombe wa mahari.