Mtandio wa Wifi na Chupa ya Mafuta Ghafi

Jumatatu, 9 Machi

Utajiri umeingia nyumbani kwangu ndani ya mfuko wa plastiki! Mjukuu wangu, mwalimu wa kemia asiye na kazi, kaja na chupa ya mafuta ghafi, vile vile yalivyotoka ardhini. Meusi. Mazito. Yananuka kama gereji. Ijumaa anafundisha somo la majaribio pale chuo cha ufundi, mkuu wa chuo akimtazama. Atayachemsha na kuyatenganisha mbele yao. Likienda vizuri, kazi ni yake. Likiharibika, ataendelea kulala kwenye kochi langu na kumaliza sukari yangu.

Mazoezi kayafanyia kwangu. Kamwaga shanga zangu mezani. Eti mafuta ghafi si kitu kimoja, ni mchanganyiko. Kila shanga ni kaboni, imebeba hidrojeni zake. Zikiungana chache, gesi ya kupikia. Uzi ukirefuka, petroli. Ukizidi, mafuta ya taa. Halafu dizeli. Mrefu kupita wote, lami ya barabarani.

Mafuta ya taa! Yamo humo humo! Na mimi kila jioni nagonga chumba cha mbele kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, kuomba ya jiko. Hunipimia kwa kifuniko, kisha huuliza jiko langu linakunywa au linaoga. Mwisho wake umefika.

Jumanne, 10 Machi

Nimeuliza wanayatenganishaje. Eti kiwandani kuna mnara mrefu. Mafuta yanachemshwa, mvuke unapanda. Nyuzi fupi huchemka mapema na kufika juu. Ndefu hupoa njiani na kugeuka maji maji, kila moja kwenye ghorofa yake. Lami haipandi popote, inakaa chini kama mkwe mvivu.

Mnara wa nini? Vifupi na virefu vikichanganyika, dawa ni kuchuja. Nimechekecha unga kabla mama yake hajazaliwa! Akasema nyuzi hizo ni ndogo mno, hakuna chujio la jikoni litakalozitambua. Watoto waliosoma bwana. Akaniapisha nisisogeze moto karibu na chupa. Nikaapa.

Kuhusu chujio hakuniapisha.

Jumatano, 11 Machi

Mjukuu katoka kwenda kukagua darasa la Ijumaa, atalala kwa rafiki yake mpaka kesho jioni. Nikafungua madirisha yote, nikamimina mafuta kwenye bakuli pana. Chujio la chai: yamepita yote. Chekeche la unga: yamepita yote, na chekeche ndiyo kwaheri. Taulo: limekunywa, halikurudisha kitu. Nimeacha bakuli dirishani, juani, yatulie. Harufu imejaa mpaka kwenye ukumbi! Dalili njema. Jikoni kitu kikinukia kinaiva.

Kinachotakiwa ni kitambaa laini, cha kufumwa kwa karibu. Wifi ana mtandio wa hariri, mweupe, wa kwendea harusini. Ameuanika kwenye kamba.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeuazima. Mwenyewe hajui, lakini kuazima ni kuazima.

Yametoka meusi. Mtandio nao mweusi. Nimekamua mpaka vidole vikauma, nikarudisha yote chupani. Yamepungua kidogo na yamekuwa mazito zaidi. Nadhani yameiva! Mtandio uko chini ya godoro. Wifi kaja kuuulizia. Nimemwambia upepo wa siku hizi hauna adabu.

Ijumaa, 13 Machi

Nimevaa gauni langu zuri, nimekaa nyuma ya darasa. Wifi naye kaja, kakaa ubavuni kwangu, maana sifa za mjukuu hazipiti bila yeye.

Mjukuu kaweka mafuta kwenye chupa ya kioo yenye tumbo, juu ya jiko la umeme, bomba la kupozea mvuke likitokea ubavuni. Kipimajoto kikapanda. Akasema sasa tutaona petroli. Hatukuona kitu. Kikapanda tena. Bomba kavu! Mkuu wa chuo akatazama saa. Mjukuu akagonga bomba kwa kidole, na mimi moyo ukanishuka mpaka kwenye viatu. Kochi siliwazi. Ni huyu mtoto, nimemlea mwenyewe.

Akanusa ile chupa aliyokuja nayo. Akaiinamisha. Akawageukia wanafunzi.

“Nyuzi fupi zimeshaondoka,” akasema. “Mafuta haya yaliachwa wazi. Petroli haingoji moto ili iruke, inamngoja tu mtu wa kuifungulia mlango.”

Macho yake yalikuwa kwangu.

Akawaambia wangoje, kitakachotangulia leo ni mafuta ya taa. Kipimajoto kikapanda. Tone! Jeupe kama maji! Tone jingine! Wanafunzi wakasimama, mkuu wa chuo akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nikapiga vigelegele peke yangu. Mkuu akasema anayeweza kufundisha kwa jaribio lililoharibika ndiye anayemtaka.

Hapo mjukuu akavuta kitu mdomoni mwa ile chupa aliyokuja nayo. Uzi wa hariri, ncha moja bado nyeupe. Wifi akautazama uzi. Akanitazama mimi.

“Wifi,” akasema taratibu, “upepo wako umesoma kemia.”

Jumamosi, 14 Machi

Kazi kapata, na hakuna aliyenishukuru! Nisingeacha bakuli wazi angeeleza nini cha maana?

Wifi kauchukua mtandio wake na kuninyima mafuta ya taa. Hata kifuniko hakuna. Mjukuu kanikalisha, kanirudisha kwenye shanga: chujio halitenganishi, kinachotenganisha ni joto. Kaniambia nirudie. Nimerudia, neno kwa neno, kama mtoto wa chekechea. Akaridhika, akasema Jumatatu anakuja na chupa nyingine, ya wanafunzi wake.

Nimelala nikiwaza, na nimeligundua kosa. Hariri ile ilikuwa na matundu makubwa.

Wifi ana shela ya harusi yake sandukuni, imefumwa kwa karibu zaidi. Kesho anaanika sanduku lote.

Naona dalili za upepo.