Karata za Alama Nyingi

Jumanne, 9 Mei 1995

Balaa! Gervasi amerudi kutoka Runazi alikofungua duka. Ana baiskeli mpya yenye kengele, na anaipiga hata njia ikiwa tupu. Baba mdogo Laurian, mshenga wangu, kasikia kwamba naye anamtaka Koleta. Jumapili Mama Ildefonsa, mama yake Koleta, atasema anapokea posa ya nani. Laurian kaniambia nitulie tu, nimpeleke beberu wangu Kapteni kama mahari, yatosha. Gervasi hana mbuzi. Ana kengele.

Nitulie? Mimi? Mtu mwenye akili kama yangu hatulii.

Jumatano, 10 Mei

Soko la kambi ya wakimbizi. Nimemkuta Ntwari, Mnyarwanda anayeuza vile vitu wazungu wa mashirika wanavyoviacha wakirudi kwao. Leo alikuwa na karata za kutabiri! Mama Ildefonsa haamui kitu bila ishara. Mwaka jana aliahirisha kuezeka jiko kwa sababu bundi alitua juu ya paa. Akitabiriwa kwamba Gervasi ni mkosi, kazi imekwisha.

Pakiti zilikuwa mbili. Ya kwanza ina vikombe, fimbo na panga, basi. Ntwari akasema hiyo ni rahisi, hata anayeanza anaielewa. Rahisi! Nani amwogope mtabiri anayeeleweka? Ya pili sasa, yote picha tupu. Jua lenye uso. Mwezi unaodondosha machozi. Mnara unaopigwa radi. Nyoka kajiuma mkia. Pembeni herufi ambazo Ntwari mwenyewe, aliyesoma seminari, hazijui. Nikauliza ipi ina alama nyingi zaidi. Akanitazama weee, akasema hiyo ya pili, ila bei yake ni mbuzi.

Kapteni alilia nilipomwacha. Nami machozi yalinitoka kidogo. Nimemlea kwa maganda ya ndizi tangu sikio lake lilipopasuliwa na mbwa. Ntwari akanifariji kwamba kesho atakuwa mchuzi. Huyu mtu hana moyo.

Mahari? Mama Ildefonsa akishatishika, atanisubiri hadi nivune maharage.

Ijumaa, 12 Mei

Mei, mwezi wa Bikira Maria. Jumuiya inazunguka nyumba hadi nyumba ikisali rozari, na leo ilikuwa zamu ya kwetu. Nimeziweka karata mezani, kando ya sanamu ya Bikira Maria, ili Mama Ildefonsa azione, aingiwe na hofu mapema. Akaingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa mezani. Akainua karata yenye Baba Mtakatifu na kofia yake ndefu.

Akaibusu!

Akasema hajapata kuona picha takatifu nzuri namna hii, Mungu anibariki kwa ukarimu wangu, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala. Weee! Akina mama wote wakainuka. Clotilda kachukua malaika mwenye tarumbeta. Mwingine kachukua nyota, eti ya Betlehemu. Mzee mwenye taa kawa Mtakatifu Yosefu, anamtafuta mtoto Yesu aliyebaki hekaluni. Karata yenye simba, ng'ombe, tai na mtu mwenye mabawa nusura ichanike, maana kila mmoja aliwataka Wainjili wanne nyumbani kwake. Ningesema nini? Kwamba ni za ramli, na katekista amekaa pale? Nikasema karibuni, chukueni, ni zenu.

Nimebakiwa na zile zisizoingia kwenye kitabu cha sala. Si neno. Zote zinamfaa Gervasi.

Jumapili, 14 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Tumekwenda baada ya misa, Laurian kabeba kibuyu cha urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi. Karata nilikuwa nimezipanga vizuri: za juu kabisa, zile zenye nafuu, ni zangu, za chini za Gervasi. Nikamwambia Mama Ildefonsa kwamba picha hizi humtambua mchumba wa kweli. Akafanya ishara ya msalaba, lakini akasogeza kigoda. Nikampa Laurian azishike nitandike kitambaa. Akazichanganya! Baba mdogo hawezi kushika karata bila kuzichanganya, ndivyo walivyozoea kule kilabuni. Nami nilikuwa nimekwisha kutangaza kwamba tatu za kwanza ni zangu mimi, Protasi.

Ya kwanza, Kifo na mundu wake. Nikasema huyo ni mkulima anavuna. Ya pili, Shetani na pembe zake. Nikasema huyo ni Kapteni, mbuzi wa mahari. Mama Ildefonsa akauliza Kapteni mwenyewe yuko wapi. Nikafunua ya tatu haraka. Adamu na Hawa, uchi wa mnyama. Nilikwisha kusema kwamba ya tatu ni mimi na Koleta nyumbani kwetu.

Mara kengele.

Gervasi huyo, baiskeli huku, kamba huku, na kwenye kamba Kapteni! Sikio lilelile. Kamnunua kwa Ntwari kabla hajawa mchuzi. Kapteni kaniona, kalia, kaja kunilamba mkono mbele ya watu wote. Mama Ildefonsa akauliza mbuzi wa Gervasi ananijulia wapi. Laurian, mshenga wangu mimi, akammiminia Gervasi urwagwa wetu.

Koleta alinifuata hadi kwenye migomba. Akasema alikuwa ananingoja mimi. Ningekuja na mbuzi wangu nikakaa kimya, mama angekubali. Imeniuma. Nimelia njia nzima, na sijali nani kaniona.

Jumamosi, 20 Mei

Nimefikiri sana. Kosa nimeliona: alama zilikuwa chache.

Ntwari amepata pakiti nyingine. Kila karata ina macho, funguo, nyota, na ndani ya nyota macho mengine! Nimemwachia mbuzi jike, mama yake Kapteni, wa mwisho zizini. Sasa nipo tayari kwa Clarisse, binti wa mzee Irambona. Mpinzani ni mmoja tu, Matiasi, na huyo hana hata kuku.

Nimekutana naye nikitoka sokoni. Kaniuliza mtu akitaka mbuzi wa mahari, wa bei nafuu, aende wapi. Nikamwelekeza kwa Ntwari. Maskini, nilimwonea huruma. Hajui kabisa yatakayomkuta Jumapili.