Treni Inayoondoka Mara Sitini kwa Siku

Dilala, Kolwezi, tarehe 14 Machi 2023

Kwa Mama Blandine, Mkurugenzi wa Jumba la Sanaa ya Kidijitali, hapa mjini

Mheshimiwa Mama Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu na za watu wa nyumbani kwangu, ambao wote ni wazima isipokuwa goti la mke wangu. Mimi ni Muamba, mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Dilala, mwenye asili ya Kasai. Hili la mwisho ninalitaja kwa sababu zamani lilikuwa linaulizwa kabla ya jina. Ninaandika kwa adabu zote kulishtaki jumba lako, na kwa kuwa ni mtu wa hesabu, nitakwenda kwa namba.

1. Ukuta wa vumbi. Mnayo mashine ambayo mtu akisimama mbele yake, kamera inamchukua, na ukutani anaonekana akimomonyoka kuwa vumbi jekundu. Mke wangu Ernestine alimomonyoka mara tatu, akiwa amevaa kitenge kipya. Padri wetu hutukumbusha kwamba sisi ni mavumbi mara moja kwa mwaka, na inatosha. Hata hivyo hili tunalisamehe, maana Ernestine alicheka.

2. Treni. Katika chumba cha pili mnaonyesha filamu ya stesheni yetu, mwaka 1993, wakati sisi wenye asili ya Kasai tulipofukuzwa mkoani humu, eti turudi kwetu. Ni filamu ya dakika nane. Treni inajaa watu, inaondoka, kisha yote yanaanza upya. Mnafungua saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni: dakika mia nne na themanini, gawanya kwa nane, ni sitini. Mama, waliotufukuza walikuwa na hasira, lakini walitufukuza mara moja tu. Ninyi mnatufukuza mara sitini kwa siku, na Jumapili mnapumzika. Umeme ukikatika tunabaki stesheni bila kuelezwa kitu, na katika hilo nakiri kwamba mmeiga ukweli vizuri sana.

3. Jina. Kando ya picha mmebandika karatasi: "Mwanamke asiyejulikana, dakika ya tano." Nimeshangaa. Yule aliyeketi mlangoni mwa behewa, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na sufuria kando yake, anaitwa Ngalula. Ni mama yangu mzazi. Alijulikana Dilala nzima. Hata mbuzi wa jirani walimjua, kwa fimbo yake. Mngeuliza sokoni tu.

4. Maji. Hapa naomba usome polepole. Tuliingoja treni ile majuma matano, tukilala kwenye saruji ya stesheni. Siku ilipofika, mama aliketi behewani akaniambia: "Enda ulete mayi, mi nitakungoya hapa." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Bombani kulikuwa na foleni. Treni ambayo haikuwa na haraka kwa majuma matano ikapata haraka siku hiyo. Niliporudi na bidoni ya maji imejaa, nilikuta reli. Nilimfuata kwa treni nyingine hadi Kasai. Mjomba aliyesafiri naye akaniambia kwamba mama alikufa njiani kwa homa, wakamzika kando ya reli. Kilomita ya ngapi, hakuna anayejua. Nimefundisha namba maisha yangu yote, na hiyo moja ndiyo sina. Nilikuja kurudi Dilala, lakini inaniuma hadi leo.

Basi, Alhamisi iliyopita nilikuja kwenu na bidoni ya lita tano, nikasimama karibu na ukuta, ili dakika ya tano ikifika niwe nipo. Mlinzi wenu Omer, mtu wa heshima, akaniambia: "Tata, mayi haiingie humu, kuko courant, umeme itakupiga. Pole, utoke." Nikatoka. Omer ni mtu wa kwanza kunifukuza mahali na kuniambia pole, na ningependa iandikwe kwenye faili lake.

5. Maombi. Kwa hiyo ninaomba filamu iongezwe dakika moja. Ingenitosha: bomba lilikuwa nyuma tu ya ukuta wa stesheni. Ninyi mnaoweza kumgeuza Ernestine kuwa vumbi na kumrudisha pamoja na kitenge chake, hamwezi kushindwa kuchelewesha treni kidogo. Mkishindwa, basi izimeni filamu hiyo kabisa. Na msipotaka kuizima, ninawapa saa arobaini na nane muondoke Kolwezi, ninyi na mashine zenu, mrudi mlikotoka, mkichukua kile tu mnachoweza kubeba kichwani. Nimeulizia: wewe ni mzaliwa wa Kasaji, si wa mji huu, na projekta haikuzaliwa hapa hata kidogo. Utaratibu huu sikuuvumbua mimi. Nilifundishwa hapa hapa mjini, na nilikuwa mwanafunzi mwenye bidii.

Nikingoja jibu lako, nakuombea afya wewe na jamaa zako. Wasalimie wanaofagia, wanaowasha mashine, na Omer pamoja na watoto wake.

Ni mimi, mwenye malalamiko na heshima,

Mwalimu Muamba

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimerudi leo kutazama tena, mikono mitupu. Omer amenipa kiti chake. Mama Blandine, miaka thelathini nimeogopa kwamba mama aliondoka akidhani nimemtoroka. Kila mara nilikuwa natazama uso wake tu. Leo nimetazama sufuria. Ameiweka kwenye nafasi iliyo kando yake. Mtu mmoja anataka kuketi hapo. Mama anamzuia kwa mkono na kumwonyesha upande wa bomba. Anakuja mwingine, naye anamkatalia. Treni inaanza kwenda, na sufuria bado iko pale. Kwa hiyo tafadhali msizime, msikate, msiongeze kitu. Andikeni jina lake tu. Na Jumapili mfungue hata kidogo baada ya misa, nimlete Ernestine na watoto waone mahali pangu.